Fundi Sikio na Gari la Binti Yake

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Ungemwita nalo barabarani angepita zake akidhani unamwita mwingine. Pale gereji kila mtu alimwita Sikio, Fundi Sikio, wala si kwa ukubwa wa masikio, la hasha, alikuwa na masikio madogo ya kawaida, yamelala kichwani kama yanaogopa kuibwa. Jina lilitokana na kazi. Mtu akiingiza gari getini, kabla hajazima injini wala hajasalimia, Sikio alikuwa ameshasema, "Beringi ya alteneta hiyo, inaomba kustaafu," halafu anaendelea na chai yake. Wapo waliosema anabahatisha. Haya, wakafungua wenyewe. Wakakuta beringi ya alteneta imekwisha kabisa, wakarudi kimya kimya kuuliza bei ya mpya.

Ila kazi iliyomjengea jina hasa ilikuwa ya presha ya mafuta kwenye magari yaliyoongezewa nguvu. Unajua tena watu na magari yao. Mtu ananunua gari la kupeleka watoto shule, mara anataka lipae. Anafunga turbo, hilo feni la kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, wakati injini yenyewe haikuzaliwa nalo. Sasa hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Petroli isipotosha, moto ndani ya silinda unawaka ovyo kabla ya wakati wake, na injini inaanza kugonga. Si kishindo kikubwa, usidhani ni nyundo. Ni kelele ndogo, kali, kama changarawe inamwagwa juu ya bati nyumba ya tatu kutoka kwako. Ukiisikia unaachia mguu hapo hapo. Usipoisikia, pistoni inatoboka, na injini imekuaga.

Kinachopima petroli isipungue wala isizidi ni kidude cha duara kinachoenea kiganjani, mafundi wanakiita rigileta. Juu kina skrubu na nati ya kuikaza, na ubavuni kuna kimpira chembamba kinachotoka kwenye injini kuja kukipa habari: sasa hewa ni kidogo, tulia; sasa turbo imeamka, ongeza petroli. Ukizungusha skrubu kwa kulia presha inapanda, kwa kushoto inashuka. Mtoto anaweza kuizungusha. Kujua pa kuachia ndiyo kazi, na Sikio alikuwa anaachia kwanza kwa geji, kile kipimo chenye mshale, halafu kwa masikio. Geji inakuambia gari likiwa limesimama, alikuwa akisema. Likikimbia, nani atakuambia?

Ndipo ikawepo sheria ya gereji yao, ambayo hakuna aliyeiandika popote na hakuna aliyewahi kuivunja: aliyekaza skrubu ndiye anayepanda. Gari likishapimwa presha, mwenye gari anaendesha, na fundi aliyeweka presha anakaa kiti cha pembeni, roho yake ikiwa rehani pamoja na ya mwenye gari. Dereva anakanyaga hadi mwisho, fundi anasikiliza. Injini ikigonga, fundi anapiga dashibodi kwa kiganja na dereva anaachia. Isipogonga, fundi ananyoosha dole gumba. Hakuna kuongea, kwa sababu ndani ya magari yale hata ukipiga kelele ya kuomba msaada hakuna atakayekusikia. Magari mangapi yamepita kwenye dole gumba la Sikio! Watu walikuwa wanatoka mbali, wanapita gereji zenye vigae na kompyuta, wanakuja kutafuta lile dole.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa anapoteza masikio.

Haikuja siku moja. Ilianza na birika. Mkewe alikuwa na birika linalopiga mluzi maji yakichemka, na asubuhi moja alitoka kuanika nguo, akarudi akakuta jiko limejaa mvuke, maji yamekauka, na mumewe amekaa hatua chache tu kutoka hapo anakata kucha, hana hili wala lile.

"Baba Kipisi, hulisikii hilo birika?"

"Birika gani?"

Mama wa watu alisimama na beseni lake kiunoni. Alidhani anatania. Halafu akamwangalia vizuri, akaona hatanii.

Alimbembeleza, akamnunia, mwisho akambeba kliniki kama mtoto anayeogopa sindano. Kule walimvalisha mambo kichwani yanayofunika masikio, wakamwambia akisikia mlio anyooshe mkono. Akakaa. Akaweka mikono magotini. Akasoma bango la ukutani linaloonyesha jinsi ya kupiga mswaki, akalisoma tena, akawa anajiuliza hawa watu wanasubiri nini kuanza. Mara muuguzi akaja kumvua yale mambo.

"Tumemaliza, mzee."

"Mmemaliza nini?" Sikio aliuliza.

Walimweleza kwa upole. Sauti nene bado anazo, walisema, ila zile nyembamba zimekwenda, na zikienda hazirudi. Kelele za miaka yote ndizo zimezimaliza. Kuna vidude vya kuvaa masikioni, vitamsaidia kwenye mazungumzo. Sikio akainamisha kichwa kwa heshima, akawashukuru, akatoka. Sauti nyembamba! Si ndizo zilizokuwa zinamlisha? Mluzi wa mpira uliopasuka, changarawe juu ya bati, hizo ndizo zilizosomesha watoto wake na kuezeka nyumba yake. Na kuhusu kidude cha sikioni, fikiria mwenyewe: Fundi Sikio anaingia gereji na kidude sikioni. Cheche, mchomeleaji, jirani yake pale uani, mtu asiyeweza kukaa na utani tumboni hata dakika, angekuwa ameshampatia jina jipya kabla chai haijapoa.

Akaamua kujitia hamnazo. Na kwa kweli alijua kuigiza. Alijifunza kusoma midomo. Mtu akimgeuzia mgongo, alizunguka kwa mbele akijifanya anatafuta spana. Watu wakicheka, naye alicheka, sekunde moja nyuma yao. Asipopata kabisa kilichosemwa alikuwa na majibu matatu ya kuzima moto, "ndiyo", "sawa" na "tutaona", na utashangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi na maneno matatu. Kazi za presha alianza kuzikwepa. Leo kiuno, kesho ana mgeni. Zile alizoshindwa kuzikwepa aliweka petroli nyingi kupita kiasi kusudi, gari linatoa moshi mweusi lakini halivunjiki, akawaambia wenye magari ndivyo injini zao zinavyotaka. Walimwamini. Alikuwa akirudi nyumbani roho imemsinyaa.

Angeendelea hivyo hivyo kama si Kipisi.

Kipisi alikuwa binti yake wa mwisho. Jina alimpa Cheche zamani, kwa sababu alikuwa mfupi na mgumu kama kipisi cha nondo, na likamkaa. Amekulia pale uani. Wakati wenzake wanajifunza kusuka nywele, yeye alikuwa amelala chini ya gari pembeni ya baba yake, na baba anamfundisha: "Funga macho, mama. Unasikia nini?" Alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Mtoto anafumba macho. "Nasikia tik-tik-tik." "Kutoka wapi?" "Juu, kushoto." "Ehee! Usiamini macho, amini hiyo tik-tik-tik." Hayo ndiyo malezi yake. Sasa alikuwa mwanamke mzima, fundi kamili, mikono imejaa makovu, na ana gari lake, dogo, jekundu lililopauka, alilolijenga mwenyewe kwa muda mrefu kwa vipuri vya kuokoteza. Turbo aliitoa kwenye gari lililopinduka. Pampu ya petroli, na nozeli za kuinyunyiza ndani ya injini, alizibadilisha akaweka kubwa. Kamu, ule mhimili unaofungua vali, akaweka wa mashindano.

Jumamosi ile kulikuwa na mbio kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika, na mwenye timu moja kubwa alikuwa amemwahidi kwamba atakuja kumtazama. Akimpenda, atamchukua awe dereva wake. Si mbwembwe, alimpigia simu mwenyewe. Kipisi alipopata simu ile alikimbia kutoka getini hadi kwenye benchi la baba yake, akamkumbatia na ovaroli lake limejaa grisi.

"Baba, presha utaniwekea wewe. Sitaki mtu mwingine."

Hayo aliyasema uso kwa uso. Sikio aliyapata yote.

"Sawa," akasema.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni, na kabla hajavua viatu akamshika mabega amwangalie.

"Mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Lini? Akishaanguka?"

"Baada ya Jumamosi. Nikimwambia sasa nitamvunja moyo. Ataingia uwanjani anatetemeka."

"Acha maneno yako, baba Kipisi. Moyo unaoogopa kuvunjika ni wa nani?"

Tusizunguke, mwanamke alisema kweli. Sikio aliogopa. Aliogopa kuona uso wa binti yake ukibadilika, aliogopa siku ya kwanza ambayo Kipisi angegeukia fundi mwingine kumuuliza jambo la injini. Mkewe akasema Sikio asipomwambia mtoto, atamwambia yeye mwenyewe. Sikio akambembeleza, akamshika mikono, akala kiapo: Jumamosi ikipita, Jumapili asubuhi anasema kila kitu na kidude cha sikioni anavaa. Mama wa watu akakubali shingo upande. Baadaye alilia sana kwa kukubali kule, lakini hilo ni la baadaye.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya presha. Kipisi aliingiza gari uani, akafungua boneti, na mafundi wakaanza kusogea mmoja mmoja na vikombe vyao, kwa sababu Sikio akiweka presha ilikuwa kama sherehe. Cheche alizima mashine yake ya kukatia vyuma bila kuambiwa. "Kimya, jamani, daktari anapima mgonjwa," akasema, na watu wakacheka, na Sikio akacheka, sekunde moja nyuma.

Mikono yake haikuwa na tatizo lolote. Alichomoa kile kimpira chembamba ubavuni mwa rigileta, akakiziba mdomo kwa skrubu ndogo, maana presha ya mwanzo unaiweka kimpira kikiwa kimechomolewa, ukiiweka kikiwa kimefungwa umejidanganya. Kipisi akawasha. Injini ikanguruma kwa mapigo ya kuruka ruka, kama zinavyofanya zenye kamu ya mashindano. Sikio akalegeza nati, akazungusha skrubu kidogo kidogo, jicho kwenye mshale wa geji. Ukapanda. Akaurudisha nyuma unywele mmoja. Akakaza nati, akarudishia kimpira mahali pake.

Kimpira kikirudi, mshale unatakiwa kushuka, na kushuka kwa kuonekana. Huu ulishuka kidogo sana. Kipisi alikuwa ametoka kwenye kiti na kuja kuinama pembeni yake.

"Baba, mbona umeshuka kidogo hivyo?"

"Kamu hiyo," Sikio alisema. "Injini yenye kamu kubwa haivuti sana gari likiwa limesimama. Ulitaka ishuke vipi?"

Na hilo si uongo, muulize fundi yeyote. Tatizo la jibu lile ni kwamba lilikuwa zuri mno.

Kipisi alikunja uso. Akasogeza kichwa nyuma ya injini, akafumba macho kama alivyofundishwa. "Mbona kama nasikia ssss?"

Sikio alimwona mdomo ukisema ssss. Yeye alikuwa anasikia ngurumo nene tu, na juu ya ngurumo hakuna kitu, tupu, kama chumba kilichohamwa. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, ujanja wa mafundi wa zamani. Ngurumo ikaongezeka. Akasogeza bisibisi huku na huku, watu wote kimya, vikombe mikononi, wanamngoja. Hapo ndipo mahali pa kusema. Maneno mawili tu yalitosha: sisikii, mwanangu. Aliyatafuta mdomoni, akayameza.

"Nozeli hizo," alisema. "Nozeli kubwa zinapiga mluzi. Zikizoea zitanyamaza."

"Nozeli?" Kipisi alirudia.

"Mimi nikuambie nini, na wewe uniambie nini?"

Cheche akapiga kofi pajani. "Umesikia hapo? Usibishane na Sikio mambo ya sikio!" Uani wakaangua kicheko. Kipisi naye akacheka, akafunga boneti.

Walikwenda barabara ya nyuma ya maghala, ndefu, iliyonyooka, isiyo na watu mchana ule. Sheria ni sheria: aliyekaza ndiye anayepanda, na Sikio alipanda, akafunga mkanda, akaweka kiganja juu ya dashibodi tayari. Alijiambia kwamba ikigonga sana ataisikia. Kitakachovunja injini lazima kiwe na sauti kubwa, au siyo? Na asipoisikia kwa sikio ataisikia kwa kiganja, au kwenye nyayo, au kwenye kitu gani sijui. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mahali pa kuanzia.

Kipisi alimwangalia. Akamwashiria kwa kichwa: tayari. Akakanyaga.

Gari lile, jamani! Lilichomoka hata shingo ya mzee ikagonga nyuma. Gia ya pili, maghala yakawa ukuta mmoja. Gia ya tatu, turbo ikaamka, na Sikio alisikia kifua chake kikijaa fahari, maana aliyejenga kitu kile alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kiganja kiko juu ya dashibodi. Dashibodi inatetemeka, lakini ilikuwa inatetemeka tangu wanatoka uani. Akamwona Kipisi anageuza uso, sekunde tu, macho yakimtazama. Nyusi zimepanda. Sikio akaona furaha mle, akaona mtoto anayesema, unaona, baba? Akainua mkono kutoka kwenye dashibodi, akamnyooshea dole gumba.

Kipisi akarudisha macho barabarani. Akakanyaga hadi mwisho.

Kilichofuata Sikio hakukisikia, alikiona. Moshi mweupe ulijaa nyuma yao, gari likapoteza nguvu ghafla, oili ikaruka kwenye kioo cha mbele. Kipisi alizima kila kitu na kupambana na usukani, magurudumu yakateleza, gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likasimama kiubavu, mlango wa Sikio ukiwa karibu na ukuta wa ghala kiasi kwamba hakuweza kuufungua. Walitokea upande wa dereva, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeumia. Kipisi alikaa chini kwenye lami, mikono kichwani. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu, lakini alikuwa ameinamisha uso, na baba yake alisimama juu yake akisema "tutaona, mama, tutaona," bila kujua anajibu nini.

Cheche alikuja kuwavuta na pikapu yake. Safari hiyo hakufanya utani hata mmoja.

Kesho yake asubuhi walifungua injini. Kipisi alifanya kazi peke yake, hakumpa mtu hata spana ashike. Alinyanyua kichwa cha silinda, akaangaza taa. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka. Akaitazama kwa muda, akaiacha. Halafu akachomoa kile kimpira chembamba cha rigileta, akaziba upande mmoja kwa kidole, akakizamisha kwenye ndoo ya maji na kupuliza upande wa pili. Mapovu yakatoka katikati ya mpira, mfululizo. Ulikuwa umepasuka kwa chini, ufa mdogo kama kucha. Injini ikinguruma gari limesimama, unavuta hewa ya nje kwa mluzi. Turbo ikiamka unavujisha, habari haifiki kwenye rigileta, petroli haiongezeki. Ssss. Si nozeli.

Sikio alikuwa amesimama nyuma yake anaona yote hayo, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Kipisi aliweka mpira chini, akafuta mikono, akampigia mwenye timu simu. Alizungumza kifupi. Sikio aliona midomo yake kwa ubavu: injini imekufa, hapana, Jumamosi siji, asante, nimeelewa. Akakata. Akarudi kuinamia injini, mikono yote miwili juu ya bodi, kichwa ndani kabisa kama anataka kuingia mle alale.

Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anaongea. Sikio aliona mabega yanaongea, akaona yananyamaza, na akajua kwamba ameulizwa au ameambiwa kitu kizito na sasa anangojwa. Ndiyo, sawa, tutaona. Yote matatu yalikuwa pale kwenye ulimi, tayari kwa kazi. Akajiona anavyochagua moja, na akajichukia, akajichukia kweli kweli kama mtu anavyomchukia mwizi.

"Sisikii," alisema.

Kipisi alisema kitu tena, bila kugeuka.

"Mama, sisikii. Sisemi kwamba sijaelewa. Masikio hayapo. Nigeukie."

Aligeuka. Alimtazama baba yake usoni, halafu akatazama masikio yake, la kulia, la kushoto, na Sikio aliona mambo yakijipanga ndani ya macho yale, moja baada ya lingine: presha zenye moshi mweusi, vicheko vya kuchelewa, nozeli. Uso ulikuwa mweupe kwa vumbi, machozi yameuchora.

"Tangu lini?"

Hilo alilisoma vizuri.

"Tangu kabla hujafunga turbo."

"Na mama anajua?"

"Anajua. Nilimfunga mdomo mimi. Usimlaumu."

"Jana, kule barabarani?"

"Jana sikusikia kitu, mwanangu. Ngurumo tu. Ungekuwa unagonga ngoma ningesikia. Ile changarawe sikuisikia." "Nilidhani unafurahi. Uliponiangalia, nilidhani unafurahi."

Kipisi alifunga macho. Cheche, upande wa pili wa ua, alikuwa amewasha mashine yake kwa aibu, ili wawili wale waongee bila kusikilizwa.

"Ulikuwa unasema nini?" Sikio aliuliza. "Sasa hivi, ulipoinama. Umesema nini?"

Akatikisa kichwa. Hapana, achana nayo.

"Niambie."

"Baba, basi."

"Nimekuzaa mimi. Niambie ulichosema!"

Ndipo akaja. Akamsogelea hadi pua zao zikakaribiana, akamshika kola ya ovaroli kwa mikono yote miwili, na akapiga kelele, kwa sauti yote aliyokuwa nayo kifuani, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde:

"Nimesema niliisikia! Ilianza kugonga gia ya tatu! Niliisikia, baba, nikakuangalia, ukaninyooshea dole! Nikadhani masikio yangu ndiyo mabovu! Nikakanyaga!"

Cheche alizima mashine. Mafundi wote uani walikuwa wamegeuka. Kipisi hakuachia ile kola, na Sikio alibaki amesimama hivyo hivyo, amesikia kila neno.